Feijoada ya Brazili: je, ilitokana na masalia ya mabwana, na njahi zinafaa kuipikia?

Swali limetoka kwa msomaji wa Nakuru, mpishi katika hoteli inayoandaa juma la vyakula vya Brazili. Ameandika hivi: “Mwalimu, pokea salamu zangu. Nimepewa jukumu la kupika feijoada, na meneja wetu ameandika kwenye menyu kwamba chakula hiki kilibuniwa na watumwa walioyaokota masikio, miguu na mikia ya nguruwe iliyotupwa na mabwana wao. Je, ni kweli? Pili, maharagwe meusi ninayoyaona sokoni ni njahi, je, zitafaa? Tatu, baadhi ya wageni wetu hawali nguruwe. Ninaweza kuwapikia nini bila kukiharibu chakula chenyewe?”

Dada mpendwa, ahsante kwa kuuliza kabla menyu haijachapishwa. Maelezo ya meneja wako yanasimuliwa duniani kote, na hata Brazili kwenyewe utayasikia mezani, lakini wanahistoria wa chakula wa nchi hiyo wameyakataa, na sababu zao ni nzito. Nitaanza na historia kisha nitaingia jikoni, nawe utaona kwamba mambo hayo mawili yamefungamana: mguu na sikio la nguruwe vimo chunguni kwa sababu vinafanya kazi ambayo mnofu hauwezi kuifanya, na mpishi akishalijua hilo ni vigumu kwake kusadiki kwamba viliingia humo kwa kukosa kingine.

Kwanza tuelewane ni chakula gani tunachokizungumzia. Feijoada completa, yaani feijoada kamili kama inavyopikwa Rio de Janeiro, ni maharagwe meusi yaliyochemshwa polepole pamoja na nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa, mbavu, mguu, sikio na mkia wa nguruwe, nyama ya mafuta iliyokaushwa kwa moshi, na soseji za aina mbili au tatu. Huletwa mezani pamoja na wali mweupe, majani mabichi yaliyokatwa nyembamba na kukaangwa kidogo kwa kitunguu saumu, unga wa muhogo uliokaangwa unaoitwa farofa, vipande vya chungwa, na pilipili pembeni. Ni chakula cha mchana, wala si cha usiku, kwa kuwa kina uzito. Mikahawa ya São Paulo huipika Jumatano na Jumamosi, na Rio imezoeleka zaidi Ijumaa na Jumamosi.

Sasa, sababu ya kwanza ya kuikataa hadithi ya masalia ni kwamba viungo hivyo vya nguruwe havikuwa takataka machoni pa mabwana wenyewe. Walowezi walitoka Ureno, nchi ambayo nguruwe akichinjwa hakitupwi kitu. Katika jimbo la Trás-os-Montes, kaskazini-mashariki mwa Ureno, hadi leo hupikwa feijoada yenye sikio, mguu na pua ya nguruwe. Saladi ya masikio ya nguruwe huliwa katika vilabu vya mvinyo. Na wenyeji wa mji wa Porto huitwa tripeiros, yaani walaji wa matumbo, kwa sababu ya chakula chao mashuhuri cha matumbo na maharagwe meupe. Ukivuka Uhispania hadi kusini mwa Ufaransa utaikuta cassoulet ya Castelnaudary na Toulouse, ambamo maharagwe meupe hupikwa kwa saa nyingi pamoja na soseji, ngozi ya nguruwe na nyama ya bata. Upishi huo wote ni wa ukoo mmoja: maharagwe ya aina fulani, nyama za chumvi na za moshi, chungu kimoja, moto mdogo. Mwenye shamba aliyekulia vyakula hivyo asingemtupia mtu sikio la nguruwe kwa kudhani ni uchafu, bali angelitaka katika sahani yake mwenyewe.

Sababu ya pili ni chakula cha watumwa wenyewe, na jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini. Brazili ilipokea zaidi ya watu milioni 4 waliosafirishwa kwa nguvu kutoka Afrika, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya bara la Amerika, na utumwa haukufutwa kisheria huko mpaka tarehe 13 Mei 1888. Watu hao walilishwa unga wa muhogo au wa mahindi, maharagwe yaliyochemshwa kwa maji, na kipande kidogo cha nyama ya chumvi au mafuta ya nguruwe pale kilipopatikana. Hata watu huru wenye kipato kidogo hawakuwa mbali na hali hiyo. Mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Debret, aliyeishi Brazili kati ya mwaka 1816 na 1831, alieleza mlo wa familia ya mfanyabiashara mdogo: kipande chembamba cha nyama kavu kilichochemshwa katika maji mengi pamoja na konzi ya maharagwe meusi, kikaliwa kwa unga wa muhogo. Hapo twaona msingi wa feijoada, yaani maharagwe meusi, nyama ya chumvi na muhogo, nao ulikuwa chakula cha kila siku cha mtumwa na cha mtu huru vilevile. Lakini chungu chenye nyama za aina saba au nane ni chakula cha mahali penye wingi wa nyama, na katika makazi ya watumwa wingi huo haukuwapo.

Sababu ya tatu ni maandishi. Miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi tulio nao ni tangazo la mwaka 1833 katika gazeti la Diário de Pernambuco la mjini Recife, ambamo hoteli iliyoitwa Hôtel Théâtre iliwajulisha wateja kwamba kila Alhamisi ingeandaa feijoada ya Kibrazili. Mwaka 1849 gazeti la Jornal do Commercio la Rio lilitangaza kwamba nyumba moja ya chakula ingeipika kila Jumanne na Alhamisi kwa ombi la wateja wengi. Baadaye, kuelekea mwisho wa karne hiyo, mkahawa wa G. Lobo katikati ya Rio ulisifika kwa feijoada kamili, pamoja na vitu vyote vinavyoizunguka leo. Kwa hiyo tunapoikuta feijoada kwa mara za kwanza katika maandishi, tunaikuta mjini, hotelini, mbele ya wateja wenye fedha za kulipia. Luís da Câmara Cascudo (1898–1986), mwenyeji wa mji wa Natal aliyeitumikia elimu ya mapokeo ya Brazili kwa maisha yake yote, alishikilia kwamba chakula hiki ni mbinu ya Kireno ya kuchemsha nyama na mboga pamoja, iliyokutana na maharagwe meusi na muhogo wa Amerika. Wengi waliomfuata wameafikiana naye.

Hapa naomba tusianguke upande wa pili. Kusema kwamba feijoada haikutokana na masalia si kusema kwamba Waafrika hawana sehemu ndani yake, na naliona jambo hili kuwa zito kuliko tarehe za magazeti. Waliosimama jikoni katika nyumba hizo za mjini, wakiamua lini chumvi inatosha na lini maharagwe yameiva, kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake Waafrika na watoto wao waliozaliwa utumwani. Nyama kavu ya ng'ombe iliyouzwa nchi nzima ilitengenezwa na watumwa katika viwanda vya kutia nyama chumvi vya Pelotas, kusini kabisa mwa Brazili, vilivyoanza mnamo mwaka 1780, na kazi ya humo ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoogopwa sana. Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo imo katika habari hii. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, meli zilizotoka Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane zilipeleka watu wengi Rio, wakashushwa katika gati la Valongo, ambalo mwaka 2017 liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mikono ya watu hao imo katika historia ya jiko la Rio, hata kama majina yao hayakuandikwa.

Na baada ya utumwa, wazao wao waliifanya feijoada kuwa yao kwa namna ambayo hakuna awezaye kuikanusha. Tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George, ambaye mjini Rio huunganishwa na Ogum, mwenye enzi juu ya chuma katika dini zenye asili ya Kiyoruba, vyungu vikubwa vya feijoada hupikwa na kugawiwa watu. Vikundi vya samba vya Rio huipika kwa mamia ya wageni, chini ya uongozi wa wanawake wazee wa vikundi hivyo, ambao heshima yao ni ya mama wa ukoo. Ukitaka kuuona upishi wa Kiafrika ulivyovuka bahari bila kubadilika sana, tazama jimbo la Bahia: acarajé, yaani kunde zilizosagwa na kukaangwa katika mafuta ya mawese, ni chakula cha Wayoruba, na kazi ya wanawake wanaoiuza ilitambuliwa rasmi kuwa urithi wa taifa mwaka 2005. Hadithi ya masalia inawapa Waafrika sifa ya kula kilichotupwa, ilhali ushahidi unawapa sifa kubwa zaidi, sifa ya wapishi.

Kwa hiyo ningemshauri meneja wako aandike hivi: “Feijoada ni chakula cha taifa la Brazili, kilichokua mijini katika karne ya 19 kutokana na mbinu za Kireno, maharagwe na muhogo wa Amerika, na mikono ya wapishi wenye asili ya Afrika.” Ni maneno machache, na kila moja lina ushahidi nyuma yake.

Sasa njahi. Jibu langu ni kwamba hazifai kuwa badala kamili, ingawa si vibaya kuzipika kwa njia hiyo kama chakula kingine. Njahi ni mmea tofauti kabisa na maharagwe, wenye asili ya Afrika, nao hutambulika kwa ule mstari mweupe ubavuni mwa punje. Zina uchungu kidogo na mchuzi wake haufanani na ule wa maharagwe meusi, ambao ndio roho ya feijoada: mzito, mweusi wenye wekundu wa mbali, wa kushikamana na wali. Unachokitafuta ni maharagwe ya kawaida yenye ganda jeusi na nyama nyeupe ndani, punje ndogo. Ulizia kwa wauzaji wa nafaka wanaoleta mizigo kutoka Uganda, au katika maduka makubwa yenye vyakula vya kigeni. Yakikosekana kabisa, pika kwa maharagwe mekundu wala usione haya, kwa sababu si Wabrazili wote wanaotumia meusi: Bahia na sehemu nyingine za kaskazini-mashariki hupika feijoada kwa maharagwe ya rangi ya kahawia, na Wareno hutumia meupe au mekundu. Ila usiiite feijoada ya Rio.

Kwa watu kumi, chukua kilo 1 ya maharagwe makavu, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kifua, nusu kilo ya mbavu za nguruwe, mguu mmoja wa nguruwe uliopasuliwa, sikio moja, gramu 200 za nyama ya mafuta ya moshi, na gramu 400 za soseji za moshi. Nyama kavu ya Kibrazili hutaipata kwa urahisi, kwa hiyo itengeneze: vifunike kifua, mbavu, mguu na sikio kwa chumvi ya mawe, viweke ndani ya friji kwa siku nzima, kisha suuza na uviloweke katika maji baridi kwa saa 12, ukibadilisha maji mara tatu au nne, friji ikiwa mahali pake muda wote huo. Usijaribu kufanya hivyo mezani katika joto letu. Usiruke hatua ya kuloweka, maana chumvi iliyobaki ndani ya nyama itahamia kwenye maharagwe na hakuna dawa ya kuitoa. Nguruwe umnunue kwenye bucha ambalo nyama yake imekaguliwa na kupigwa muhuri, kwa sababu tegu wa nguruwe bado ni tatizo katika eneo letu. Kuchemka kwa muda mrefu humuua, lakini ukaguzi ndio kinga ya kwanza.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Wapo Wabrazili wanaoyapika kwa maji yaleyale ya kuloweka ili rangi isipotee. Mimi huyamwaga, kwa kuwa tumbo la mgeni hupata nafuu na rangi iliyobaki inatosha. Anza kwa kuyachemsha kwa nguvu, maji yakitokota kweli, kwa dakika zisizopungua 10. Hili ni la usalama: maharagwe mabichi yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali, na anayeyatia katika moto hafifu tangu mwanzo anaweza kuwaumiza wageni wake. Baada ya hapo punguza moto, tia mguu, sikio na nyama ya kifua pamoja na majani mawili makavu ya loreli (bay leaves), ufunike nusu. Baada ya saa moja ongeza mbavu na nyama ya moshi. Nusu saa baadaye tia soseji nzima, bila kuzikata, zisije zikamaliza utamu wake majini. Kazi yote huchukua kama saa mbili na nusu hadi tatu. Ukitumia sufuria ya presha muda hupungua sana, lakini soseji zitie mwishoni baada ya kufungua kifuniko.

Hapa ndipo mguu na sikio vinapojieleza vyenyewe. Ngozi na mishipa ya viungo hivyo ina kolajeni nyingi, ambayo katika mchemko mrefu wa taratibu huyeyuka na kuwa ute unaoufanya mchuzi ulainike na kushikamana mdomoni. Feijoada ya minofu mitupu huwa na maharagwe upande wake na maji upande wake. Mgeni asiyependa kuona sikio katika sahani yake usimlazimishe: pika nalo, kisha litoe kabla ya kupakua, na mchuzi utakuwa umeshapata haki yake.

Mwishoni kaanga vitunguu viwili na punje nane za kitunguu saumu katika mafuta kidogo, tia pawa mbili za maharagwe yaliyoiva, yaponde hadi yawe uji mzito, kisha urudishe yote sufuriani na uache yachemke kwa dakika 20 zaidi. Ndipo uonje chumvi, si kabla. Engua mafuta yaliyoelea juu, lakini usiyamalize.

Kuhusu vinavyoisindikiza, una bahati ya kuwa Kenya, kwa sababu majani wanayoyatumia Wabrazili ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki, na hutahitaji kutafuta kingine. Toa uti wa katikati, viringisha majani, yakate nyembamba kuliko ulivyozoea, na yakae motoni dakika moja au mbili tu yakiwa bado ya kijani kibichi. Muhogo ndio utakaokusumbua. Unga wetu laini wa muhogo mkavu hauwezi kutoa farofa, kwa sababu ukikaangwa hugeuka vumbi, na ukipata unyevu huwa gundi. Farofa hutoka kwenye muhogo mbichi uliokunwa, ukakamuliwa maji na kukaushwa juu ya kikaango hadi uwe chembechembe. Gari ya Afrika Magharibi, inayouzwa katika baadhi ya maduka ya Nairobi, ina uchachu kidogo lakini inakaribia sana. Ukitaka kujitengenezea, tumia muhogo mtamu peke yake, ukamue vizuri kwa kitambaa, na uukaushe kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha; muhogo mchungu uuepuke kabisa kwa sababu ya sumu yake. Chembe zikishakauka, zikaange kwa siagi na kitunguu mpaka zinukie. Chungwa nalo usilione kuwa pambo: uchachu wake hukata mafuta mdomoni, na vitamini C iliyomo husaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma ya maharagwe.

Kwa wageni wasiokula nguruwe, pika sufuria ya pili tangu mwanzo, kwa vyombo vyake na pawa yake. Kutoa vipande vya nguruwe kutoka sufuria ya kwanza hakumfai Mwislamu wala Msabato, na ni kumvunjia heshima. Mahali pa mguu wa nguruwe weka mguu wa ng'ombe, ule unaopikiwa supu ya makongoro, kwa sababu nao una ute mwingi, ila uanze kuuchemsha peke yake kwa saa mbili kabla ya kuungana na maharagwe. Ongeza kifua cha ng'ombe kilichotiwa chumvi kama nilivyoeleza, mbavu za ng'ombe, na soseji za ng'ombe za moshi zenye alama ya halali. Nyama ya ng'ombe ya chumvi imo katika feijoada tangu zamani, kwa hiyo sufuria hiyo haitakuwa ngeni kwa Mbrazili atakayeketi mezani, ingawa atauliza mbona sikio halimo. Kwenye menyu iandike waziwazi kuwa feijoada ya ng'ombe.

Zote mbili zipike siku moja kabla ya kuandaliwa. Zipooze upesi kwa kuzigawa katika vyombo vya kina kifupi, ziweke kwenye friji usiku kucha, na kesho yake engua mafuta yaliyoganda juu kabla ya kuzipasha hadi zichemke kweli, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo, kwa sababu ule ute utakuwa umeufanya mchuzi ushikane.